Breki Ngumu ya Pikapu ya Yoakimu

Huku Endagikot, wilayani Mbulu, asubuhi huanza kwa kukamua ng'ombe. Kwa Yoakimu ilianza kwa kukamua ng'ombe na kubembeleza pikapu.

Pikapu hiyo ya petroli ni ya zamani. Imebeba viazi, ngano, mbuzi na wagonjwa. Lakini tangu mavuno ilikuwa na kisirani. Ukiacha kukanyaga mafuta, ilitetemeka, kisha ikazimika. Yoakimu alikaza skrubu ya kabureta ili injini izunguke kwa kasi. Ikaacha kuzimika, ila petroli ikawa inaisha upesi.

"Ni uzee tu," alisema. "Hata mimi asubuhi natetemeka."

Mkewe, Efrazia, alicheka. Lakini Ijumaa aliendesha yeye kwenda gulioni, akarudi amekunja uso.

"Baba Evelyne, breki imekuwa ngumu. Nimekanyaga kwa miguu yote miwili ndipo gari likasimama."

"Ni miguu yako. Imechoka."

"Haya. Na Jumapili mama yako atapanda gari lenye breki hiyo?"

Binti yao Evelyne ni muuguzi Yaeda Chini, na Jumapili mtoto wake angebatizwa. Bibi Getruda, mama yake Yoakimu, alikuwa ameshaandaa shuka la kumfunika kitukuu wake. Lakini njia ya kwenda Yaeda inashuka mlima mkali wenye mawe.

"Gari likibaki hivi, mama hapandi," Efrazia alisema. "Na mimi sipandi."

Yoakimu aliogopa. Jioni hiyo hiyo alimwita jirani yao Hilda, anayefundisha ufundi wa magari chuoni Mbulu mjini.

Jumamosi asubuhi Hilda alikuja na ndoo ya maji ya sabuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kuosha gari?"

"Nimekuja kutafuta hewa. Kwanza tupime breki. Usiwashe. Kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Usiondoe mguu. Sasa washa."

Yoakimu akawasha.

"Imeshuka kidogo chini ya mguu?"

"Haijashuka hata kidogo."

"Ilipaswa kushuka. Injini hunyonya hewa kwa nguvu. Nguvu hiyo hiyo hupita kwenye mpira mnene mpaka kwenye busta, lile duara la chuma linalosaidia mguu wako kwenye breki. Mpira ukitoboka, injini inanyonya hewa isiyotakiwa. Inatetemeka. Busta nayo inakosa nguvu."

"Kumbe ugonjwa ni mmoja," alisema Efrazia.

"Mara nyingi ni hivyo. Mama, kaza khanga yako na ukae mbali na feni."

Hilda aliweka ncha moja ya kipande cha mpira wa maji sikioni, akapitisha ncha ya pili juu ya injini kama daktari. Karibu na busta alisikia hewa ikifyonzwa. Akapaka maji ya sabuni kwenye maungio ya mipira, moja baada ya jingine, akikwepa nyaya za umeme. Injini haikubadilika. Alipofika kwenye mpira wa busta, maji yalifyonzwa ndani na mngurumo ukabadilika.

"Wengine hutafuta kwa kumwagia petroli," alisema. "Msifanye hivyo. Gari litawaka moto, na ninyi pia."

Akaubana mpira ule kwa koleo, karibu na injini, ili hewa isipite. Mtetemo ukaisha papo hapo.

Mpira ulikuwa umezungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, umefungwa kwa ustadi. Huku kwetu tunafunga kila kitu kwa tyubu: mpini wa jembe, ndoo, hata kiti cha kanisani.

"Nani amefunga hapa?" Hilda aliuliza.

"Mimi," Yoakimu alijibu. "Nilikaza vizuri sana."

"Ulikaza vizuri, baba. Lakini joto na mvuke wa petroli huilegeza tyubu. Ufa umeendelea kukua chini yake, nawe huuoni."

Akaufungua. Ufa ulikuwa mrefu kama kidole. Yoakimu aliutazama, akamtazama mkewe.

"Mama Evelyne, miguu yako haina kosa."

Alikwenda mjini kununua mpira wa busta wenyewe. Hilda alikuwa amemkataza kununua mpira wa kumwagilia bustani, maana huo hubonyea unaponyonywa. Waliufunga mpira mpya kwa vibanio vya chuma, wakairudisha skrubu ya kabureta ilipokuwa awali, wakapima tena. Safari hii breki ilishuka chini ya mguu. Hilda akazunguka na pikapu kijijini, akasimama ghafla mara kadhaa kabla ya kuwaruhusu kusafiri.

Jumapili waliteremka Yaeda. Efrazia alikuwa kwenye usukani. Yoakimu ndiye aliyempisha. Kwenye kona kali walikuta kundi la ng'ombe limejaa njia nzima. Efrazia akakanyaga breki kwa mguu mmoja. Gari likatulia mbele ya ng'ombe.

Yoakimu aligeuka kumtazama mama yake. Bibi Getruda alikuwa amelala, na wala hakuamka.