Vinundu vya Kunde za Wamaza

Watu wa kijiji cha Wamaza walimjua Véronique kwa usafi wa shamba lake. Magugu hayakupata pa kujificha. Mumewe, Héritier, alimtania kwamba iko siku atafagia msitu mzima.

Usafi huo ulifika hadi kwenye mizizi. Miaka michache iliyopita nyanya za kijiji zilikufa zote. Zilipong'olewa, mizizi yake ilikuwa imevimba. Tangu hapo Véronique hakutaka kuona uvimbe wowote. Kunde zake zilipokua, alifukua udongo kwa kidole, shina kwa shina. Akikuta vinundu kwenye mizizi, aling'oa na kuchoma. Wanawake wenzake walimwiga. Nani angebishana na mkulima hodari kama yeye?

Lakini mavuno yalipungua kila mwaka. Msimu huu kunde zilikuwa njano. Mistari miwili tu ndiyo ilikuwa ya kijani, na mbegu za mwaka ujao zilitegemewa hapo. Nyumbani hapakuwa na mbegu nyingine. Véronique alipofukua mistari hiyo alikuta vinundu tele. Moyo ulimuuma. Hata hivyo aliinama ang'oe.

Wakati huohuo alifika Falonne, agronomu kijana, yaani mtaalamu wa kilimo, kutoka mji wa Kindu. Alikuwa ameshajitambulisha kwa chifu. Alitafuta kunde mwitu, zile zinazotambaa pembeni mwa mashamba na ambazo hakuna anayezila. Alipomwona Véronique ameshika shina, alimwendea mbio.

"Mama, using'oe. Hii si ugonjwa."

"Mutoto wangu, nilianza kulima kabla uzaliwe," Véronique akajibu. "Nyanya zetu zilikufa sababu ya hii."

Falonne hakubisha. Aliomba kinundu kimoja tu. Kilibanduka kwa urahisi. Alikipasua kwa ukucha, na ndani kilikuwa chekundu. Akaeleza kwamba uvimbe wa nyanya ni mzizi wenyewe ulioharibika, nao haubanduki hivyo. Kinundu cha kunde ni nyumba ya bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Bakteria hao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha kunde. Ndani pakiwa pekundu, wako kazini.

Véronique alikaa chini palepale. Miaka yote hiyo aling'oa mimea iliyoshiba na kuacha yenye njaa. Aliona aibu, akasema hivyo waziwazi. Ile mistari miwili hakuigusa tena.

Kisha Falonne akamwambia alichokuja kutafuta, naye akauliza kunde za porini zilikuwa za nini. Falonne alimwambia kwamba kila kiumbe hubeba ndani yake maagizo aliyorithi, yanayoitwa jeni. Kwa jeni, bakteria mmoja anajua kulisha kunde vizuri, na mwingine hajui. Kunde mwitu hustawi bila kulimwa. Labda bakteria wake ni hodari zaidi. Watafiti wakichukua mizizi yake na kusoma jeni za bakteria hao, watajua.

Véronique aliinuka.

"Zahabu inatoka huku, sisi tunabakia na mashimo," alisema. "Mukibeba hii mizizi, sisi tutapata nini?"

"Iko haki yako kuuliza, Mama. Tuandike kwanza. Mukikataa, sitabeba kitu."

Waliandika mbele ya chifu, kwa Kiswahili chepesi. Jina la Wamaza litaandikwa kwenye kila kifurushi cha mizizi. Majibu yatarudishwa kijijini. Faida ikipatikana, kijiji kitapata fungu lake. Véronique alidai nakala moja ibaki kwa wanawake, na hakuondoka mpaka akaipata. Ndipo akamwonyesha Falonne mahali pa kuchimba.

Kunde zilipokomaa, hakung'oa tena. Alikata mashina na kuacha mizizi ioze udongoni. Wenzake walifanya vivyo hivyo. Msimu uliofuata shamba lilikuwa kijani mwanzo hadi mwisho. Véronique alipata kunde za kula, za mbegu na za kuuza sokoni.

Mwaka mwingine ulipita, na Falonne akarudi na majibu kama alivyoahidi. Aliyasoma mbele ya kijiji kizima. Katika kunde mwitu watafiti walikuta aina moja ya bakteria ambayo haikuwa katika daftari la labo yao, yaani maabara. Sasa wanaijaribu, na wameiandika kwa jina la Wamaza. Héritier alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Véronique alilia kwa fahari, wala hakujificha.

Habari zilisambaa. Siku moja wanawake wanne walifika kwa pikipiki kutoka kijiji cha Lusangi. Kunde zao zilikuwa njano, na walimtafuta agronomu awafundishe. Watu wakawaambia kwamba Falonne ameshaondoka. Wanawake wale walitazamana kwa huzuni.

Véronique alijifunga kitenge vizuri, akachukua jembe.

"Mwalimu iko," aliwaambia. "Ni mimi. Twende shambani."