Anaclet na Mota Iliyoungua

Kila asubuhi wanawake wa mtaa wa Mudzipela walipanga mabeseni ya mihogo mikavu mbele ya mashine ya kusaga ya Anaclet. Mashine ilinguruma, unga ukaruka, naye akakohoa hadi jioni. Kazi ilimchosha hasa, lakini ndiyo iliyolisha nyumba.

Anaclet alikuwa na desturi yake. Pesa zikikusanyika tu, alinunua ng'ombe na kumpeleka kwa kaka yake kule Boga. Miaka mitatu, ng'ombe wanne! Mtaani alitembea kifua mbele.

Jumatatu moja mota ya mashine iliungua. Fundi alitaka dola mia mbili. Nyumbani kulikuwa na dola kumi na moja. Anaclet alimpigia kaka yake simu haraka.

"Yaya," alimwita kaka yake mkubwa, "uzisha ngombe moja."

"Kwa nani? Barabara inafungwa tena sababu ya vita. Watu iko na woga. Mwenye kununua anatoa nusu ya bei."

Wiki tatu mashine ilinyamaza. Wanawake walibeba mabeseni yao hadi kwenye mashine ya mtaa wa Ngezi. Godelive, mke wake, alichoka kukopa.

"Baba Ketsia, siye ni matajiri wenye hawana chumvi," alisema.

Mwishowe ng'ombe akauzwa kwa nusu ya bei. Anaclet aliona uchungu mpaka akakosa hamu ya kula. Alikwenda kununua waya za mota kwa Mama Kanyere, jirani yao, aliyeuza vipuri na aliyewahi kusomea biashara.

"Baba Ketsia, mali unayo," Mama Kanyere alimwambia. "Lakini makuta, pesa ya kutumika leo, hauna. Ngombe ni muzuri, ila haigeuke makuta siku yenye unataka."

"Mama, ile ilikuwa faida yangu."

"Hapana. Haikuwa faida yote. Mashine inachoka kila siku yenye inasaga, sawa vile weye unachoka. Inafaa utoe kwanza fungu ya kuitengeneza. Kisha fungu ya mazutu ya jenereta na mushahara yako. Yenye inabakia, njo faida. Ile, nunua nayo ngombe."

Maneno yalimuuma Anaclet kwa sababu yalikuwa kweli.

Tangu hapo, kila Jumamosi Godelive alitenga fungu la mashine kabla ya kitu chochote. Mwaka ule hawakununua ng'ombe. Kaka yake Anaclet alimcheka kwenye simu, naye akavumilia.

Miezi kumi baadaye mota iliungua tena. Wanawake wakaanza kuinua mabeseni.

"Bamama, muache," Anaclet alisema. "Saa nane tutasaga."

Fundi alilipwa kwa fungu la mashine, na saa nane walisaga. Anaclet aliketi juu ya gunia tupu, machozi yakamtoka mbele ya watu.

"Unalia nini?" Godelive aliuliza.

"Ninachoka tu, Mama Ketsia. Lakini leo sikuogopa."