Mfuko wa Popo

Rafiki yangu, mtafiti wa popo, alibaki peke yake kambini tangu mwenzake wa kazi afariki. Alitafuta popo wadogo wanaokula wadudu, wale wanaolala ndani ya majani makavu. Asingempata hata mmoja, kambi ingefungwa.

Jioni moja alimnasa mmoja. Akamtia katika mfuko wa kitambaa, akaukaza kwa kamba, akampigia mkewe simu.

"Nimempata, mama watoto!"

"Hongera. Sasa rudi nyumbani, popo hawatakupikia."

Alicheka. Msitu haukucheka naye. Giza likaingia, na mfuko ukawa unatuna na kunywea. Akaufungua ampime popo wake.

Ulikuwa mtupu. Akaupindua, akaukung'uta, akaufunga tena, akautundika.

Ukaendelea kupumua, polepole, pumzi ndefu za mtu aliyelala.