Mama wa Safu ya Tatu

"Na ndiyo maana nasema, waheshimiwa, sikio la Mpokezi halisikii maumivu. Linasikia kelele."

Nyamizi alivuta pumzi kama alivyofundishwa, kisha akainua macho. Mbele yake walikaa watu sitini wa nuru. Hiyo ndiyo hadhiranuru, mtambo uliokuwa fahari ya jiji la Mbuga Mpya. Taa ndogo za darini zilichora sura na mabega juu ya viti vitupu, na ubongo wa mtambo ukawafanya watu hao wapige miayo, wanong'onezane au watoke nje, kulingana na jinsi msemaji alivyowashika.

"Mikono, injinia," Kapaya, mwenye ukumbi, alisema kutoka kwenye meza ya mitambo. "Unafukuza kuku?"

Nyamizi alicheka. Wiki tatu nyuma asingeweza. Siku ya kwanza alisoma mistari miwili, sauti ikamkauka, akaenda nyumbani. Kapaya, aliyesoma naye tangu darasa la kwanza, alimpa dawa moja: chagua sura moja yenye huruma, zungumza na hiyo. Nyamizi alimchagua mama wa safu ya tatu, mwenye miwani na kilemba cha kijani, aliyetikisa kichwa polepole kukubali kila hoja ilipokaa vizuri.

Kwa mama yule alimwaga yote. Mpokezi, roboti wa mlangoni hospitalini, alipanga nani amwone daktari kwanza kwa kupima sauti ya mgonjwa. Nyamizi ndiye aliyemtengenezea sikio. Wagonjwa kumi na mmoja waliojieleza kwa sauti ya chini walisukumwa mwisho wa foleni, wakafia kwenye benchi. Kesho saa nne baraza la jiji lingeamua kama Mpokezi awekwe katika hospitali zote.

"Simamisha kidogo," alisema. "Nimekosea tarehe."

Kapaya alibonyeza. Hadhira nzima iliganda, mmoja mdomo wazi katikati ya mwayo. Nyamizi alipekua karatasi zake, kisha akamtazama mama wa safu ya tatu.

Mama alikuwa amevua miwani, anaifuta.

Nyamizi hakupenda kuhukumu kabla ya kupima. Alimwomba Kapaya awashe, kisha asimamishe tena. Watu wakaganda. Mama akakohoa.

"Kaka Kapaya, kiti kile kina nani?"

Kapaya aliinamia meza ya mitambo. "Nilidhani akikusikia mwenyewe atalegea," alisema. "Aliomba kiti kimoja tu. Anakaa ofisini kwake, mtambo unamvisha sura."

"Nani?"

"Mama Shelembi."

Mama Shelembi alikuwa mkurugenzi wa kampuni iliyounda Mpokezi. Kesho ndiye angesimama kumjibu Nyamizi.

"Tangu lini?"

"Juma la pili."

Juma la pili ndilo alilopata ujasiri. Ndilo pia alilomtaja Sista Wande, muuguzi aliyemnakilia orodha ya waliokufa. Barazani asingemtaja kamwe. Alimtaja hapa tu, kwa sababu Kapaya alimwambia aseme bila kujibana. Leo asubuhi Wande alimtumia ujumbe kwamba amesimamishwa kazi, na hajui nani kamchongea.

"Ulisema viti havina masikio."

"Nilisema," Kapaya alijibu, akiangalia vidole vyake.

"Usimlaumu sana, mwanangu." Sauti ilitoka safu ya tatu, ya upole uleule. "Umekuwa msemaji mzuri. Nilipokuwa natikisa kichwa, sikuwa naigiza."

"Kwa hiyo unajua kwamba ni kweli."

Mama Shelembi alivaa miwani yake. "Tutaonana kesho," alisema, na kiti kikabaki kitupu.

"Tubadilishe hoja," Kapaya alisema haraka. "Muda upo, dada. Nitakaa nawe mpaka—"

"Zima."

Alizima. Nyamizi akatoka, akaketi kwenye ngazi za nje juani, akampigia Wande simu.

"Sista, aliyekuchongea ni mimi."

"Sikusikii. Paza sauti."

Ilimbidi aiseme tena, kwa nguvu, wapita njia wakigeuka. Kisha akaeleza habari ya kiti.

"Mimi nina watoto, Nyamizi."

"Najua."

"Hujui." Ikasikika pumzi. "Hotuba yako anayo yote?"

"Kila neno. Ameshatayarisha majibu."

"Mama Shelembi aliwasikia wale wagonjwa?"

"Nani angewasikia? Mimi mwenyewe nina orodha tu."

"Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Sijakusamehe, lakini chukua kalamu. Wa kwanza, yule mzee fundi saa. Alimwambia Mpokezi, 'Samahani, naomba nikae kidogo.' Basi. Akapewa namba ya arobaini."

Nyamizi aligeuza hotuba yake, akaandika nyuma ya ukurasa.

"Wa pili alikuwa mjamzito. Alisema, 'Nasubiri tu, wapo wenye shida zaidi.'"

Waliendelea hivyo, taratibu, mpaka wa sita. Alikuwa mwalimu, na alichouliza ni kama choo kiko karibu. Hapo Wande akashindwa.

"Leo siwezi tena," alisema. "Waliobaki kesho, saa moja, mlangoni mwa baraza. Nitakuja mwenyewe."

Nyamizi aliandika namba saba, akaacha nafasi mbele yake.