Kabuti Lililokataa Kukauka

Matilda, shangazi yake baba yangu, alikuwa mtu wa shughuli zake. Asubuhi hiyo ya masika, mwaka hamsini na nne, kule Uyole, alifua, akakamua, akatundika ndani: kamba toka dirishani hadi msumari wa mlangoni, jiko la mkaa chini, tenga juu ya jiko kwa nguo ndogondogo. Mvua ilikuwa na wiki ya tatu. Nani angeanika nje?

Ila nguo za siku hiyo zilikuwa za marehemu mumewe, Silvester.

Ukoo wa mume ulikuwa na custom yao, na nyie mnaojaza midomo kwa "mila zetu nzuri" sikilizeni. Nguo za marehemu hufuliwa na mjane, hukaushwa chini ya paa alilolala mumewe. Zikikauka, ndugu wa marehemu anavaa. Akishavaa, mjane ni wake, nyumba ni yake. Full stop. Mjane haulizwi, kama msumari usivyoulizwa utatundikwa nini.

Ndugu mwenyewe alikuwa Liberatus. Walikwenda wawili Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu, akarudi mmoja, kabuti la kijeshi la kaka yake mkononi.

"Mto ulifurika," alisema. "Nilimshika kabuti, likamchomoka."

Watu walilia, wakampa pole. Matilda alipolifua aliligeuza mara mbili. Hakuna kifungo kilichong'oka. Hakuna mshono uliochanika. Akakamua.

Mashati yalikauka siku ya pili. Siku ya tisa kabuti bado linachuruzika, kana kwamba limetolewa mtoni sasa hivi.

"Unalimwagia maji, shemeji," Liberatus alisema.

"Njoo ulilinde, basi. Kiti si hicho?"

Akaja kweli, Jumamosi mchana, akakaa kando ya jiko akipepea mkaa. Jirani yao Mwantumu, mke wa muuza vitambaa, alikuwa amekuja kumfariji mfiwa. Aliliangalia kabuti kwa muda, kisha akamsogelea Matilda sikioni.

"Mwenzangu, mbona mabega yamejaa?"

Yalikuwa yamejaa. Na kamba ilikuwa imelegea katikati, kama imebeba mtu mzima.

Liberatus akasimama. "Bichi, kavu, mimi leo navaa."

"Utakuwa umevaa nguo tu, shemeji. Mimi si kabuti, sina mikono ya kuingiza mtu."

"Mdomo huo utaufunga jioni, kwangu."

Akavaa. Akafunga vifungo vya shaba, kimoja kimoja, hadi shingoni.

Maji yakakoma kuchuruzika.

Liberatus akakohoa. Akakohoa tena. Akashika kifungo cha juu. Hakikufunguka. Cha pili. Hakikufunguka. Maji ya tope yakamtoka mdomoni, na mchanga. Mchanga mweupe wa mtoni, ambao Uyole nzima haupo.

"Wembe," Mwantumu alinong'ona. "Tumkatie vifungo."

Matilda hakuinuka. "Aseme kwanza."

Macho ya Liberatus hayakuwa kwa Matilda. Yalikuwa juu kidogo ya bega lake, pale mtu mrefu angesimama.

"Kaka," alisema, sauti ndogo kama ya mtoto. "Ulikuwa unaning'inia kwenye kabuti, nami nimelishika. Mzigo ulinishinda. Vifungo nilivifungua mimi."

Vikafunguka vyote. Hakuna mkono uliovigusa.

Alilivua, akatoka mbio kwenye mvua, kifua wazi. Wapo waliosema yuko Iringa. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha.

Kesho yake wazee wa ukoo wakaja watatu, wamekunja sura, kudai mila itimizwe. Mwantumu akawaeleza alichokiona na alichokisikia. Matilda akaingia ndani, akatoka na kabuti limekunjwa mikononi. Lilikuwa kavu kabisa, na lina joto.

"Nimefua, nimekausha, kama mnavyotaka," alisema. "Sasa nani anavaa?"

Akalishika wazi kwa mabega, kama anayetaka kumvisha mtu. Mzee wa kwanza akatazama mvua. Wa pili akatafuta fimbo yake, na ilikuwa mkononi. Wakaondoka bila hata kuaga.

Matilda hakurithiwa na mtu. Aliishi nyumba ile peke yake miaka thelathini na moja, na kila masika alitundika nguo zake kwenye kamba ileile. Kila asubuhi ya mvua alikuta sakafuni, chini ya kamba, fungu la mchanga mweupe, mbichi, kama ngumi ya mtu.

Aliuzoa, akasugulia masufuria. Hakuna mwanamke Uyole aliyekuwa na masufuria yanayong'aa kama ya kwake.