Shukrani ya Mapema

Treni ilipowatema abiria stesheni ya Tabora, Vedasto alishuka wa mwisho, kofia imemfunika nyusi, fimbo yake ya hoki kaificha ndani ya gunia la mkaa. Alitaka afike kwao Ipuli kwa vichochoro. Lakini siku zake arobaini zilikuwa zimetimia. Mbele yake, ndani ya kitenge cha kijani kilichomkaa sawasawa, alisimama mchumba wake Tekla, fundi cherehani, aliyekuja kupokea mzigo wa vitambaa.

"Mchezaji wa kulipwa!" Tekla aliita, watu wakageuka. "Ulaya wamekuchoka mapema hivi?"

Vedasto alitamani ardhi ipasuke immeze.

Miezi miwili nyuma alikuwa Nairobi, kwenye majaribio ya timu moja ya Ulaya ya hoki ya barafuni. Yeye aliyejifunzia viatu vya magurudumu kwenye uwanja wa kikapu aliwaacha wenzake wote kwa mbio siku ya kwanza. Jioni hiyohiyo akampigia Tekla: "Mpenzi, wamenichukua!" Kutangulia si kufika, lakini nani angemwambia? Kesho yake ikawa zamu ya kufunga breki. Huku kwetu alizoea kuburuta kisigino. Kule barafu ilimpeleka mzimamzima hadi ukutani. Akaambiwa ajaribu tena mwakani. Aliposhika simu aseme ukweli, akakuta picha: mama yake na Tekla mbele ya kanisa la Moravian, wanatoa shukrani. Akazima simu, asiiwashe tena.

"Na simu ukaizima. Ni nani huyo?" sauti ya Tekla sasa ilikuwa ya chini. "Mwanamke wa Nairobi. Niambie tu, sitakufa."

"Hakuna mwanamke, Tekla. Hawakunichukua." Akamweleza yote, macho chini.

"Miezi miwili nimemlilia mwanamke ambaye hayupo?"

"Niliona aibu."

"Wewe uone aibu! Na mimi niliyewaambia watu Mungu katenda?"

"Nisamehe, mama watoto."

"Watoto gani? Usinichekeshe, bado nina hasira." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Shukrani tuliitoa mbele za watu. Jumapili na ukweli utautoa palepale."

Jumapili alisimama, shati jeupe limemganda mgongoni.

"Bwana asifiwe. Mlishukuru kwa ajili yangu, lakini sikuchaguliwa. Nilidanganya, nikawaacha mama yangu na mchumba wangu wabebe uongo wangu bila kujua."

Mama yake akajifunika uso kwa leso. Vedasto aliona aibu hadi masikio yakamchoma, akajuta hata kuzaliwa.

Ndipo Tekla akatoka kwenye safu ya kwaya, na joho lake la zambarau, akasimama karibu naye.

"Wapendwa, bado nimemkasirikia," alisema, na watu wakacheka kidogo. "Lakini mwakani anarudi kujaribu. Tumwombee. Shukrani ingoje kwanza."

"Amina," alisema mama yake, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Walipoinamisha vichwa, Vedasto alinong'ona, "Nikishindwa tena?"

"Nipigie siku hiyohiyo," Tekla alijibu bila kumtazama. "Mwanamume aliyeshindwa naweza kuolewa naye. Aliyenizimia simu, siwezi."