Dobi Asiyenunua Maji

Alhamisi moja ya Septemba 1992, saa mbili na robo asubuhi, Sajini Ulimboka alitumbukiza mkono kwenye gunia la mkaa la Fabian, fundi viatu wa Chang'ombe, akatoa misokoto ishirini na minane ya bangi iliyofungwa kwa gazeti. Fabian akawekwa mahabusu. Kesho yake angepelekwa mahakamani, na Jumamosi ndiyo ilikuwa harusi yake na Ruthu.

Mama yake Ruthu, Zipora, aliuza maji kwenye bomba pekee la mtaa. Habari ile ilimuuma sana, maana mkwe huyo alimpenda. Saa nne alifunga bomba, wenye ndoo wakanung'unika, naye akaenda kituoni.

"Shikamoo, mama," alisema sajini.

"Marahaba. Nani alikutuma kwenye lile gunia?"

"Raia mwema."

"Jirani yake, Castory dobi?"

Sajini akakohoa. "Hilo siwezi kusema."

"Umeshasema, mwanangu."

Sajini akajitetea: mwanzoni alimshuku Abbasi muuza kahawa kwamba ndiye anayeuza bangi mtaani, kwa kuwa vijana hujazana barazani kwake.

"Wale wanabishania mpira kutwa nzima," alisema Zipora. "Mnunua bangi hakai. Kwa Castory wanaingia na shati, dakika mbili wametoka na shati lile lile, chafu vile vile."

"Labda dobi ana kazi nyingi."

"Nyingi sana. Ila tangu afungue Juni hajanunua kwangu hata ndoo moja, na mvua tuliiaga Aprili. Anafulia mate?"

Saa saba mchana walimkuta Castory akikunja mashati. Sajini akamkabidhi suruali.

"Ifue sasa hivi, nasubiri."

"Maji yameniishia, afande."

"Ya jana ulipata wapi?"

"Kwa mama huyu."

Zipora alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwangu? Mimi nyumba ikipata mtoto najua kwa ndoo, kabla sijaletewa habari!"

Castory akainamisha kichwa. "Kwetu mto unapita nyuma ya nyumba. Nani huko anajua maji ya mwenzake?"

Sajini akafunua pasi ya mkaa. Ndani hamkuwa na jivu, ila misokoto iliyofungwa kwa gazeti kama ile ya asubuhi.

"Kwa nini Fabian?" aliuliza.

"Aliniona nikiuza. Akanipa siku tatu niache, la sivyo aniseme kwa balozi wa nyumba kumi. Nikamwahi."

Sajini aliona aibu. Asubuhi Fabian alimweleza hayo hayo, naye akadhani ni maneno ya mtu aliyebanwa.

Saa kumi Fabian alitoka mahabusu, miguu mitupu, viatu mkononi. Zipora hakumpa pole.

"Muuza bangi anapewa siku tatu? Ukiona, sema siku hiyo hiyo."

"Nilimwonea huruma, mama."

"Huruma hiyo kampe Ruthu. Amelia tangu asubuhi, na wewe umesimama hapa unaongea na mimi."